Gobori la Baba na Skrubu ya Mama

Ukipeleka cherehani yako mbovu kwa wifi yangu, kitu cha kwanza utakachokiona si bisibisi wala kopo la mafuta. Ni gumba lake la kushoto. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu polepole, kichwa kimeinama upande kusikiliza chuma, na gumba la kushoto limekandamiza kibati cha sindano, yaani kile kipande bapa chenye tundu ambamo sindano huzama na kuibuka. Kibati kiwe kimelegea au kimekazwa mpaka basi, gumba lipo palepale. Mafundi aliowafundisha wanafanya hivyohivyo, na wale waliokwisha kuhama na kufungua vibanda vyao nasikia nao wanawafundisha wengine. Niliwahi kumuuliza linasaidia nini. Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini anapumua.

"Ndivyo kazi inavyofanywa, wifi. Baba alinifundisha hivyo."

Basi nikafunga mdomo wangu, jambo ambalo halinitokei mara nyingi.

Mtaa mzima unamwita Mama Spea. Kibanda chake kimebanwa kati ya fundi viatu na duka la dawa, na ndani hakuna pa kuweka mguu bila kuomba radhi. Makopo ya maziwa ya unga yamepangwa ukutani mpaka darini, yamejaa skrubu, springi, mikanda na vidude ambavyo hata yeye hajavipa jina. Huchovya mkono bila kutazama akatoka na kile anachokitaka. Hatupi kitu. Mteja akisema, "Hii imekufa, mama," yeye humuuliza, "Imekufa yote au imekufa nusu?" Na nusu iliyobaki atakaa nayo mpaka ipate mwenzake. Mimi ni mke wa mdogo wake, kwa hiyo nina haki ya kumsema, naye ana haki ya kunisema, na sote wawili tunazitumia haki zetu ipasavyo.

Baba mkwe alipofariki hapakuwa na ugomvi wa mali. Alikuwa ameyasema yote mapema, akiwa na akili zake timamu: nyumba ni ya mama, shamba ni la mume wangu, na "kile kitu" apewe binti yake, maana ndiye pekee anayeelewa vyuma. Kile kitu kilikuwa bunduki ya zamani, ndefu karibu sawa na kimo changu, imeviringishwa blanketi la kijivu na kulazwa juu ya kabati la chumba cha wazee tangu Mama Spea hajaota meno. Baba mkwe aliirithi kwa baba yake, na huyo baba yake hakuna aliyejua aliitoa wapi. Utotoni Mama Spea aliruhusiwa kuipaka mafuta, kwa nje tu, akiwa amekaa miguuni pa baba yake. Anasema hapo ndipo alipoanza kupenda harufu ya mafuta ya mashine. Mpaka leo akiiweka mapajani uso wake unakuwa wa mtoto.

Ndipo redio ikatutangazia: kila mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kabla ya mwisho wa mwezi. Mume wangu ni mtu anayevuka barabara pale tu palipochorwa mistari. Alisikia tangazo lile akiwa na kijiko mdomoni, na nusura akimeze.

"Dada, kesho tunaipeleka. Mimi siwezi kufungwa kwa ajili ya mti na bomba."

"Mti na bomba ni wewe," Mama Spea akamjibu. "Kwanza tujue ni nini."

Tulikwenda kituoni mimi na yeye, bunduki tumeiacha nyumbani, kuuliza tu. Afande wa silaha alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa. Akatueleza vizuri. Silaha ya kale inaweza kubaki kwa mwenyewe kama kumbukumbu ya familia, mradi mtaalamu wa makumbusho aikague na ithibitike kwamba haiwezi kufyatua. Kama inaweza kufyatua, inachukuliwa. "Na ikichukuliwa inapelekwa wapi?" nikauliza. Afande akaelekeza kidevu dirishani.

Uani palikuwa na mtu amevaa miwani ya kazi, ameshika msumeno wa umeme wa kukatia vyuma, cheche zinaruka. Mbele yake palikuwa na rundo la bunduki, na upande wa pili rundo la vipande. Nilimtazama wifi yangu, mtu ambaye hajawahi kutupa hata skrubu iliyolika kichwa. Alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Tuliporudi mlangoni ndipo akaniambia, "Baba hakuniachia shamba, wifi. Aliniachia hii. Wakiikata, ameniachia nini?"



Lakini Mama Spea si mtu wa kukaa akilia. Kesho yake alipata namba ya makumbusho, na simu ikapokewa na bwana mmoja ambaye ndani ya dakika chache nilimpachika jina la Daktari wa Kutu. Alikuwa na sauti ya haraka, ya mtu anayeogopa simu itakatika kabla hajamaliza furaha yake. Mama Spea aliweka simu kwenye spika, bunduki mezani, akawa anamweleza huku mkono mmoja unafanya kazi.

"Samahani mama," akasema yule bwana ghafla, "hiyo sauti ya kukwaruza ni nini?"

"Msasa. Naondoa kutu kidogo upate picha safi."

Simu ikasema polepole, "Mama, nakuomba kwa heshima zote, weka huo msasa chini. Kutu hiyo na mikwaruzo iliyomo ndiyo kitambulisho chake. Ukiisugua unaifuta uso."

Akauweka msasa chini kama vile umemuunguza. Daktari wa Kutu akauliza kama ina risasi. "Risasi?" Mama Spea akacheka. "Haijawahi kuwa na risasi tangu nizaliwe. Ni mbovu." Hata hivyo bwana yule akamwambia asiguse nyundo, asielekeze mtutu kwa mtu, ampigie picha tu kwa utulivu: ubavuni penye mtambo, juu ya mtutu, chini ya kitako.

Jamani, siku zilizofuata nyumba ile haikukalika. Kila picha iliyokwenda ilirudi na habari, na kila habari Mama Spea alinipigia simu kunieleza kabla hajamaliza kuisoma. Kwamba bunduki yetu ni gobori, yaani ile inayoshindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni badala ya kuwekewa risasi nyuma. Kwamba ile fimbo nyembamba ya chuma iliyochomekwa chini ya mtutu inaitwa mdeki, ndiyo ya kushindilia. Kwamba yale matundu mawili yaliyozibwa ubavuni, ambayo sisi tulidhani ni ya mdudu, yalikuwa makao ya mtambo wa jiwe. Maana yake gobori lilizaliwa la kupiga cheche kwa jiwe, kisha fundi fulani akalibadilisha likawa la kutumia fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinacholipuka nyundo ikikigonga. "Unaelewa, wifi? Lilikuwa tayari limezeeka, mtu akalionea huruma, akalitafutia spea." Alisema hivyo machozi yakimlengalenga. Alikuwa amempata ndugu.

Kibandani kwake hali ilikuwa mbaya zaidi. Mteja alikuja na cherehani inayokata uzi akaondoka na elimu ya baruti. Fundi viatu wa jirani alianza kuufunga mlango wake akimwona anakuja na simu mkononi. Nami nilikuwa najifanya nimechoka kusikia, lakini nilikuwa napiga pasi huku nimeweka simu begani nikiuliza, "Enhe, halafu kitako kikasemaje?"

Hatimaye Daktari wa Kutu alikubali kuja mwenyewe, na Afande akaja naye, kwa kuwa ukaguzi lazima ushuhudiwe. Ilikuwa asubuhi, madirisha yote ya sebule ya mama mkwe yamefunguliwa. Mume wangu alidai ana kazi shambani. Tukabaki sisi wanawake watatu na wageni wawili.

Sebule yenyewe niieleze, maana ina jambo lake. Dirishani kuna cherehani ya mama mkwe, nyeusi, ya kukanyaga kwa mguu, aliyoipata akiwa mke mpya. Ndiyo iliyowasomesha watoto wake, na ndiyo Mama Spea aliyojifunzia. Kibati chake cha sindano kinatakiwa kiwe na skrubu mbili. Ina moja. Tundu la pili liko wazi tangu kabla sijaolewa, na Mama Spea, mwenye makopo ya skrubu mpaka darini, hajawahi kuruhusiwa kuliziba. Tundu lile ni ushahidi. Shangazi, dada yake baba mkwe, alikuja kukaa nao mzaliwa wa kwanza alipopatikana, na alipoondoka skrubu nayo ilikuwa imeondoka. Mama mkwe alimtaja waziwazi. Shangazi akaapa, akalia, akabeba mzigo wake. Tangu hapo wawili hao husalimiana kupitia mtu wa tatu, hata wakiwa wamekaa kochi moja, na mara nyingi mtu huyo wa tatu ni mimi. "Mwambie tundu liko palepale linamsubiri," ndiyo salamu ya mama mkwe.

Basi Daktari wa Kutu alitandika kitambaa cheupe mezani, akavaa glavu, akafunua blanketi. Alikuwa kijana kuliko nilivyomfikiria, mwembamba, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Hakuzungumza na sisi. Alizungumza na bunduki. "Haya, bibi. Tuone. Nani alikufunga shaba hapa? Ulivunjika shingo, eeh? Wakakufunga vizuri." Mama Spea alikuwa amesogea mpaka viwiko vyao vinagusana, na kila alichokigusa yule, naye alikigusa kwa macho.

Kabla ya yote bwana yule alitoa kijiti chembamba kirefu cha mbao, akakiteremsha taratibu ndani ya mtutu mpaka kikagota, akakiwekea alama kwa penseli pale mdomoni. Kisha akakitoa na kukilaza juu ya mtutu kwa nje, kupima kimefika wapi. Kilitakiwa kifike mpaka karibu na nyundo. Kiliishia kabla ya hapo, likabaki pengo la upana wa kiganja.

Akakirudisha ndani. Akapima tena. Akavua miwani.

"Afande," akasema kwa sauti ya chini, "gobori hili limeshindiliwa."

"Unamaanisha nini?" nikauliza, ingawa tayari nilikuwa nimesimama.

"Namaanisha lina baruti na risasi ndani. Sasa hivi."

Sijui nilifikaje mlangoni. Nilimkuta Afande ameshafika. Mama mkwe alibaki kwenye kiti chake, miguu yake haimruhusu haraka, na macho yake yalikuwa kwenye mlango wa chumba chake, ambako kile kitu kilikuwa kimelala juu ya kabati, mita moja kutoka kwenye mto wake, karibu miaka yote ya ndoa yake. Mama Spea peke yake hakuondoka. Alikuwa ameshika ukingo wa meza, na nakuapia haikuwa hofu. Ilikuwa ni ile hali ya mtu anayeambiwa na kitu kimya kwamba kina jambo la kusema.

Daktari wa Kutu aliifanya kazi yake bila papara. Alielekeza mtutu kwenye ukuta mtupu, akamimina kitu cha kulowesha baruti, akatuacha tukisubiri uani huku tunakunywa chai ambayo hakuna aliyeionja ladha. Aliporidhika akatuita. Alikuwa na chombo chenye ncha iliyojisokota, akakizamisha mtutuni, akakizungusha, akavuta. Kikatoka kitambaa kimekunjwakunjwa, cheusi kwa masizi. Nyuma yake ikabingirika risasi ya mviringo ya madini ya risasi, kisha kitambaa kingine, kisha uji mweusi wa baruti.

Alikikunjua kile kitambaa cha pili kwa vibano. Katikati, mahali masizi hayakufika, kulikuwa na rangi ya manjano yenye vidoti vya kijani.

Mama mkwe akanyoosha mkono. "Nisogezee."

Alikitazama muda mrefu. "Hii ni nguo ya mtoto," akasema. "Niliikata mwenyewe, nikaishona kwenye ile cherehani. Yako," akamgeukia Mama Spea. "Masalio niliyaweka kwenye kikapu, nikaona yanapungua, nikadhani ni panya."

Kisha akatueleza. Mama Spea alipozaliwa walikuwa wakiishi nje ya mji, nyumba peke yake, majirani mbali, na majira yale wezi walikuwa wakivunja milango. Baba mkwe alikuwa akikaa macho nyuma ya mlango na gobori mapajani. Yeye mama alimwambia wazi: siku atakayosikia lina baruti ndani, atamchukua mtoto wake arudi kwao. Mume akamjibu asiwe na wasiwasi, kitu chenyewe kibovu, springi imelegea, anakishika ili mwizi akione tu. Naye akaamini mpaka asubuhi ile.

"Kibovu," mama mkwe akarudia. "Mwongo yule. Mungu amrehemu, lakini mwongo."

Afande akakohoa. Alikuwa na huruma usoni, na huruma ya polisi inanitisha kuliko ukali wake. "Mtaalamu, mtambo unafanya kazi?"

Daktari wa Kutu akavuta nyundo nyuma kwa gumba. Ikalia kliki, ikasimama. Akaibinya triga huku ameishikilia nyundo, na hata hivyo tuliiona nguvu yake. Akainamisha kichwa. "Unafanya kazi. Vizuri sana."

"Basi nasikitika, mama," Afande akamwambia Mama Spea. "Silaha inafyatua, na imekutwa imeshindiliwa. Makosa si yenu, hakuna atakayewasumbua. Lakini siwezi kuiacha. Nitaomba makumbusho wapewe, ila siahidi, foleni ya msumeno ni kubwa." Akaanza kulikunjua blanketi.

Mama Spea hakubisha. Hilo ndilo lililoniumiza. Alimwomba tu Daktari wa Kutu, kwa sauti ndogo, "Kabla hamjaondoka nayo. Ufungue mtambo niuone ndani. Mara moja tu. Baba hakunifungulia kamwe."

Bwana yule akamtazama Afande, Afande akatazama saa yake, kisha akatazama pembeni. Bisibisi ikatoka. Mtambo ukachomoka ubavuni kama mashine ya saa kubwa, akaugeuza, ukalala kwenye kitambaa cheupe na matumbo yake nje. Hapo hata mimi nilisogea. Ulikuwa mzuri, sitaki kudanganya. Kila kipande kilichongwa kwa mkono, kila skrubu ina kichwa chake na mkato wake, hakuna mbili zinazofanana.

"Tazama," Daktari wa Kutu akasema, furaha imemrudia kwa nguvu, "hizi zote ni za fundi mmoja. Hii, hii, na hii. Lakini hii hapa..." Akashusha miwani. "Hii inayoshika springi ya kusukuma nyundo si ya hapa. Ni ya kiwandani. Na tundu lake limechongwa njia upya ili iingie. Mtu aliibandika baadaye kabisa." Alionekana amevunjika moyo kidogo, kama mtu aliyekuta jino la bandia.

Mama Spea alikuwa ameinama. Akaomba kioo cha kukuzia. Nilimwona mgongo wake ukikakamaa.

"Wifi," akaniita bila kuinua kichwa. "Njoo utazame kwenye mkato wa hiyo skrubu. Unaona rangi gani?"

Nikatazama. Chini kabisa ya mkato, chembe ndogo, nyekundu.

"Nyekundu," nikasema. "Kama rangi ya kucha."

Mama mkwe akaigeukia cherehani yake. Unajua, wakati ule alikuwa na desturi, akipeleka cherehani kwa mafundi wa mjini huzidondoshea skrubu zake rangi ya kucha, wasije wakambadilishia. Ile moja iliyobaki kwenye kibati chake ina doa hilo mpaka leo. Nimelifuta vumbi mara nyingi, nikimsengenya moyoni.

Mama Spea alichukua bisibisi mkononi mwa Daktari wa Kutu bila kuomba, akaifungua ile skrubu, springi ikalegea na kuanguka kando. Akavuka sebule. Nilimfuata, Daktari akanifuata, Afande naye akaja na blanketi lake mkononi. Akapiga magoti mbele ya cherehani, akaidondosha skrubu kwenye lile tundu, akaizungusha kwa ncha ya kidole. Iliingia. Haikusita popote. Ilizama mpaka kichwa kikawa sawa na kibati, na doa jekundu likakaa pembeni ya doa jekundu.

Aliinuka polepole, na gumba lake la kushoto lilikuwa limesimama hewani, analitazama.

"Alinifundisha kukandamiza," akasema. "Nilikuwa nashona, kibati kinarukaruka, sindano zinavunjika. Akaja akakaa hapa pembeni yangu. Akanishika gumba akaliweka hapa. Akaniambia fundi wa kweli anakishikilia hivi, asikie chuma kinasema nini." Akaanza kucheka huku analia. "Nimewafundisha mji mzima, wifi. Mji mzima unakandamiza kibati kwa sababu baba alimwogopa mama."

Tukacheka, Mungu atusamehe, tulicheka mpaka Afande akakaa chini. Baba mkwe aliichomoa kwenye cherehani akaze springi ya gobori. Angesema ukweli siku ile skrubu ilipotafutwa, angekiri kwamba bunduki ina baruti juu ya kichwa cha mtoto, na mke angeondoka. Akanyamaza, dada yake akabeba lawama. Na kila mwaka uliopita uliufanya ukweli uwe mgumu zaidi kutamka, mpaka ikawa rahisi kubuni ufundi mpya na kumrithisha binti.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Aliniambia nimpigie Shangazi. Nikapiga, nikaweka spika, nikajiandaa kuwa mtu wa tatu kama kawaida. Lakini alininyang'anya simu.

"Wifi," akasema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwita hivyo. "Ni mimi."

Sauti ya kizee, kavu, ikajibu: "Nani kafa?"

"Hakuna. Nimeiona skrubu."

"Ilikuwa wapi?"

"Ndani ya bunduki ya kaka yako."

Tukasikia kitu kama kikohozi. Shangazi alikuwa anacheka. "Nilikwambia," akasema alipopata pumzi. "Nilikwambia mimi sishoni, skrubu ya nini? Mjanja yule. Alikuwa ananiletea sukari kila akija, nikashangaa ukarimu gani huu." Kisha sauti ikabadilika. "Umenitesa, wewe mwanamke."

"Nimekutesa," mama mkwe akajibu. "Njoo unisemee usoni."

"Kesho. Chai iwe ya moto."

Simu ikakatika. Mama mkwe akajifuta macho kwa kiganja, akairudisha sura yake mahali pake, akamgeukia Daktari wa Kutu, aliyekuwa amesimama na mtambo wazi mkononi.

"Mtaalamu," akasema, "bunduki hiyo sasa inafyatua?"

Bwana yule akatazama chini. Akavuta nyundo. Ilikwenda nyuma na kurudi mbele kama mlango wa kabati, legelege, bila kliki. "Bila ile springi kushikwa haina nguvu, mama. Haiwezi kulipua fataki. Ila ukinipa hiyo skrubu nitairudisha dakika hii, iwe kamili, na makumbusho..."

"Skrubu ni yangu," mama mkwe akamkatiza. "Niliibiwa. Afande yupo hapa ni shahidi, rangi ya kucha ni yangu na tundu ni langu. Afande, wewe unarudisha mali ya wizi kwa mwenyewe au kwa mwizi?"

Afande alimtazama yule bibi. Akaitazama cherehani, akaitazama nyundo inayoning'inia. Alilikunja blanketi upya, taratibu, akaliweka kitini.

"Kwa mwenyewe," akasema. "Mtaalamu, unathibitisha kwamba silaha kama ilivyo sasa haifyatui?"

"Nathibitisha," akasema Daktari wa Kutu, na nadhani nilimwona akitabasamu. Akaomba ruhusa ya kutengeneza skrubu ya mbao ya kulijazia lile tundu la mtambo, lisibaki tupu. Mama Spea, mtu wa spea, mtu ambaye hawezi kuona tundu bila kulitafutia kichwa, akatikisa kichwa.

"Acha wazi," akasema. "Safari hii tundu likae kwa baba."

Gobori sasa liko ukutani sebuleni, chini yake risasi moja ndani ya bilauri na kipande cha kitambaa cha manjano. Mume wangu, baada ya kuona muhuri wa polisi, anawaonyesha wageni kama vile alipigania yeye. Mama Spea anasoma kila anachotumiwa na Daktari wa Kutu, na juzi alinishika nusu saa nzima kuhusu mkato wa skrubu za zamani, nami nikamwacha aendelee.

Lakini nirudi asubuhi ile ile. Wageni walipoondoka, mama mkwe alimwambia binti yake akae dirishani aijaribu cherehani. Mama Spea akatia uzi, akaweka kipande cha kitambaa, akakanyaga. Kibati kilitulia tuli. Mashine ilikwenda kwa sauti nyororo ambayo mimi sikuwahi kuisikia nyumbani mle, na gumba lake la kushoto likaenda lenyewe likaketi palepale.

Mama mkwe akaliona. "Toa gumba, mwanangu. Skrubu ipo."

"Najua, mama," akasema, na hakulitoa.